Siku Yangu Ilikuwa Jumatano

Nilitoka kanisani kwa hasira, si kwa busara. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia mtu ameacha dini hudhani alikaa miaka akisoma na kupima. Mimi nilichukua dakika chache tu. Ilikuwa Jumapili moja katika miaka ya tisini, karibu na Amukura, ndani ya kanisa nililoanza kuingia nikiwa mgongoni mwa mama. Nilikuwa mwalimu wa watoto, mama alikuwa mwenyekiti wa akina mama, na benchi letu lilikuwa la pili kutoka mbele.

Siku hiyo mjane mmoja, jirani yetu, aliambiwa asimame. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia na shemeji yake alikuwa amemrithi. Sote tulijua kwamba angekataa kurithiwa angefukuzwa shambani pamoja na watoto wake wanne. Mchungaji hakuuliza habari za shamba. Alimwambia aende benchi la nyuma kabisa, lile la waliorudi nyuma, akae huko mpaka atubu. Akaenda, kichwa chini. Nami nikanyanyuka, nikapita katikati ya watu wote, nikaketi karibu naye. Mchungaji akaniamuru nirudi mahali pangu. Nikamjibu kwamba kama benchi hilo ni la wenye dhambi, basi nimeshafika mahali pangu. Mdomo wangu umeniponza mara nyingi, na hiyo ilikuwa mojawapo. Aliponiamuru tena, nilitoka nje, na sikurudi.

Mjane mwenyewe alibaki. Baada ya miezi michache alitubu, sijui alitubu nini, akarudishwa mbele. Tulipokutana sokoni alinisalimia kwa upole, kama unavyomsalimia mtu aliyeumia kwa ajili yako bila wewe kumtuma.

Wazee wa kanisa walitangaza kwamba mimi nisishirikishwe katika maombi. Mama alitii. Nilipoenda nyumbani alinipakulia kwanza, ugali wa wimbi na kunde, akaniacha nile peke yangu. Nilipomaliza ndipo yeye na wengine walipofumba macho, wakaombea chakula, wakala. Hakunikemea hata mara moja. Angenikemea ningepata la kujibu, lakini sahani ile ya peke yangu ilinishinda. Nilianza kuamini kwamba nimempoteza Mungu na mama yangu kwa siku moja, na kati ya hao wawili nilimlilia zaidi mama.

Nikahamia Malaba, nikakodi chumba, nikaanza kuuza njugu na simsim. Meza yangu ilikuwa kwenye mstari wa meza uliofuata barabara ya kwenda forodhani, mahali ambapo malori yalipanga foleni siku mbili, tatu, madereva wakisubiri karatasi zao zipite. Majirani zangu watatu nitawaita kwa bidhaa zao, kwa maana hata pale hatukuitana vingine. Kushoto alikuwa Mama Vitenge, Mwislamu aliyezaliwa Mumias na kuolewa na fundi cherehani wa hapo mpakani. Kulia alikuwa Mama Omena, Msabato kutoka upande wa Sigalame. Mbele yake alikaa Mama Ndizi, Mkatoliki, ambaye alivuka kutoka Uganda kila asubuhi na mikungu yake nyuma ya baiskeli ya bodaboda.

Kule nyumbani tulifundishwa kwamba Mwislamu ni wa kuombewa, Msabato ni wa kubishana naye, na Mkatoliki ni wa kuhurumiwa. Sasa nikaona jambo ambalo sikuwa nimefundishwa. Ijumaa ilipofika, Mama Vitenge alifunga ushungi wake vizuri, akaenda msikitini, na vitenge vyake vyote akamwachia Mkatoliki. Hakugeuka nyuma. Jumamosi Mama Omena hakuja kabisa. Mwislamu alimuuzia omena wake, wale dagaa wa ziwani, na harufu yao hukaa mikononi mpaka kesho yake. Jumapili Mama Ndizi alibaki kwao kanisani, nao wale wawili wakapokea ndizi zake kutoka kwa mwenye baiskeli na kuziuza kana kwamba zimekatwa shambani kwao. Hakukuwa na mkutano uliopitisha jambo hilo. Waliliita kuchungiana meza, na walikuwa wakilifanya tangu kabla sijafika. Nilishangaa mpaka nikaona aibu. Katika kanisa letu tulikuwa na kamati ya upendo, yenye katibu.

Mimi nikawa nachunga siku zote. Ijumaa nachunga, Jumamosi nachunga, Jumapili nachunga. Nilifurahi, maana mtu asiye na pa kwenda hupenda kuwa na kazi. Hali hiyo ilikwenda kama miezi miwili, kisha asubuhi moja Mama Vitenge akaniuliza, akikunja kitenge, bila kunitazama.

"Dada, na wewe siku yako ni gani?"

"Mimi sina siku. Nilitoka kanisa."

"Sijakuuliza kanisa. Nimeuliza siku."

Nikamwambia, kwa ukali kidogo, kwamba mimi si wa dini yoyote na sitaki mtu anihubirie. Akacheka, akaweka kitenge juu ya vingine.

"Nani anakuhubiria? Mtu wa kuchunga tu, yeye mwenyewe hachungiwi, huyo ni askari. Sisi hapa hatujaandika askari. Kama ni mwenzetu, lazima ukuwe na siku."

"Sasa hiyo siku niende wapi?"

"Hayo ni maneno yako na Mungu. Yetu ni meza."

Mama Omena, ambaye alikuwa akisikiliza huku akipepeta samaki wake, akasema, "Mpatieni Jumatano. Jumatano hata nzi hawakuji hapa."

"Kale, sawa," akasema Mama Ndizi kwa lugha ya kwao. "Jumatano ni yake."

Basi hivyo ndivyo nilivyopewa siku takatifu, kwa sababu biashara ilikuwa baridi.

Jumatano ya kwanza nilitoka mezani kwa sababu walinifukuza. Sikujua pa kwenda. Nilipanda upande wa Amagoro nikakuta mwamba mkubwa katikati ya mashamba ya mihogo, nikaketi juu yake nikihesabu dakika. Niliwaza njugu. Niliwaza kama Mama Vitenge atakumbuka kuzifunika mvua ikija. Nilijaribu kuomba nikajisikia ninaongea kama mwenyekiti wa kikao, nikaacha. Nikarudi mapema, wakanifukuza tena. "Muda wako haujaisha," Mama Omena akasema.

Jumatano ya pili haikuwa tofauti sana. Sikumbuki hata ya tatu. Nakumbuka ile ambayo nilichoka kujaribu. Nilikuwa nimeketi tu, miguu imenyooka, nikitazama ng'ambo ambako jiwe la Tororo, kubwa kama kilima, husimama peke yake juu ya uwanda. Mvua ilikuwa inakuja kutoka Uganda. Niliiona ikitembea, pazia la kijivu, ikafika kwenye lile jiwe ikalimeza lote, jiwe kubwa vile, pakawa hapana kitu. Chini yangu foleni ya malori ilikuwa imenyooka hadi mpakani, bado iko juani. Adhana ikaanza kutoka mjini. Kabla haijaisha, garimoshi la mizigo likapiga honi likivuka daraja, na mahali fulani upande wa mashamba wanawake walikuwa wakiimba wakipalilia, sijui wimbo wa kanisa gani, au wa kanisa lolote. Sauti zote zikanipandia pale juu pamoja. Kisha mvua ikapita, na jiwe likatokea tena, jeusi, likimeremeta maji, pale pale lilipokuwa.

Nilivua ndala zangu bila kujua ninazivua. Nilikuwa nimesema maneno mengi kwa Mungu tangu utotoni, na siku hiyo sikuwa na hata moja, na sikuhisi kwamba yanahitajika. Nilikuwa nimeogopa kwamba nikitoka katika kanisa lile nitakuta nje ni patupu. Nje palikuwa pamejaa. Palijaa mno hata nikawa naogopa kupumua kwa nguvu. Nililia, na sikuwa na huzuni.

Niliporudi mezani Mama Vitenge alinitazama macho yaliyovimba, akanipa maji ya kunywa, akaendelea kuuza. Hakuna aliyeniuliza niliona nini. Nami sikuwahi kuwauliza wao wanaona nini huko waendako. Mpaka leo sijui heshima kubwa kuliko hiyo.

Basi maneno hayakosi miguu. Mtu wa Amukura aliniona juu ya mwamba, akaenda kusema. Miaka ile kila kisichoeleweka kiliitwa ibada ya shetani, na habari zikafika kanisani kwa mama kwamba binti yake ameanzisha dini ya Jumatano huko Malaba, kwamba anasujudia mawe. Wazee wakamtuma mama aje aone kwa macho yake. Aje aone, kisha arudi aseme mbele ya kanisa kama mimi bado ni wa kuombewa au ni wa kufutwa kabisa. Ningefutwa, hata ile sahani ya peke yangu ingekwisha, kwa maana mwenyekiti wa akina mama hawezi kumpokea nyumbani mtu wa namna hiyo.

Niseme sasa, ili mtu asitegemee muujiza: mama hakuhama kanisa lake hata alipozeeka, na mimi sikurudi. Lakini nitaeleza Jumatano ile aliyokuja, kama nilivyosimuliwa na Mama Omena, na mwisho wake nilioushuhudia mwenyewe.

Alifika kabla ya saa sita, amevaa gauni lake la kanisa. Alikuta Mama Vitenge ameketi kati ya meza mbili, yake na yangu. Mama aliuliza mwenye njugu yuko wapi, akajitambulisha. Mama Vitenge akasimama, akampa kigoda chake, akamnunulia chai.

"Binti yangu anaabudu nini huko juu?" mama akauliza kabla hajaigusa chai.

"Sijui, mama. Sijawahi kumuuliza."

"Unamchungia vitu na hujui anaenda kufanya nini?"

"Ijumaa mimi huenda, yeye ananichungia. Na yeye hajawahi kuniuliza."

Mama Omena anasema mama yangu alizitazama njugu zangu zilivyopangwa kwenye mikebe. Kisha adhana ya adhuhuri ikasikika. Siku za kawaida Mama Vitenge alisali chumbani kwake, hatua chache nyuma ya mstari, na Jumatano Mama Omena ndiye aliyechunga. Mama Omena akaanza kunyanyuka. Mama Vitenge akamkata jicho, naye akaketi tena.

"Mama, saa yangu imefika," Mama Vitenge akamwambia mama yangu. "Nishikie hizi mbili, ya binti na yangu. Sikawii."

Akaondoka. Hakungoja jibu, wala hakugeuka nyuma. Mama akabaki na meza mbili.

Mimi nilikuwa nateremka. Nilipofika nyuma ya lori la mwisho kwenye foleni, hatua chache kutoka meza zetu, nilimwona, nikasimama. Nilimjua kwa mgongo wake. Kigoda kilikuwa kifupi kwake na alikuwa amekishika kando kwa mkono mmoja, kama mtu aliyekalia kitu cha watu. Nilijua kilichomleta, maana habari zile nami zilikuwa zimenifikia, na nilianza kupanga maneno yangu makali, yale ninayoyaweza.

Dereva mmoja, Mtanzania kwa lafudhi yake, alikuwa amesimama mbele ya meza. Alishika pindo la kitenge, akakiacha, akachota njugu mbili akatafuna.

"Shikamoo, mama. Hizi meza wenyewe wako wapi?"

Mama aliangalia upande wa chumba cha Mama Vitenge, ambacho mlango wake ulikuwa umerudishwa, kisha akainua macho upande wa Amagoro. Mama yangu hakuwahi kusema uongo, hata wa kumpendeza mgonjwa. Aliweka kiganja juu ya vitenge.

"Huyu ameenda maombi," akasema kwa Kiswahili chake cha Amukura. Akasogeza mkono, akauweka juu ya njugu zangu. "Na huyu pia ameenda maombi. Wewe chukua unataka nini, mimi niko."

Yale maneno makali yaliniishia mdomoni. Dereva akachagua, mama akampimia, akajaza mpaka zikamwagika, akaokota zilizoanguka akazirudisha mkebeni moja moja. Nilitamani kumkimbilia. Lakini mlango wa Mama Vitenge ulikuwa bado haujafunguliwa, na muda wangu nami ulikuwa bado haujaisha. Nikarudi nyuma ya lori, nikakaa juu ya gunia, nikamwacha mama yangu achunge.