Kijiti Kilichotoka Tumboni mwa Besi

"Babu, hicho kijiti unakipeleka wapi?"

Nilikuwa darasa la nne. Fundi Anyelwisye, seremala wa hapa Matema na mpiga besi wa kwaya yetu, alikuwa amelilaza kwenye mkeka besi la kanisa, lile kubwa linalopigwa mtu akiwa amesimama. Lilikuwa na kasoro: nyuzi mbili nene zilinguruma, mbili nyembamba zilinong'ona kama zinaumwa. Alilegeza nyuzi zote, akapenyeza waya uliopinda kwenye tundu la kifuani, akavuta kijiti kinene kama kidole gumba. Akakitazama sana. Akaangalia mlangoni, akakitia mfukoni.

"Nenda kachote maji, Brenda," alinijibu.

Mimi sikwenda kuchota maji. Nilikwenda kumwambia mama.

Kabla ya Fundi, besi lilitunzwa na babu yangu wa damu, marehemu Lazaro. Tulikuwa tumemzika mwezi uleule. Bibi alikuwa akikaa benchi la mbele na kumwambia kila anayemsalimia, "Unasikia? Mikono ya mume wangu imo mle ndani."

Kufikia jioni habari ya kijiti ilikuwa imefika hadi kwa wafinyanzi ufukweni.

"Mti wa kizamani ule una soko," alisema Mama Kisa wa sauti ya pili. "Ukishavuka mpaka pale Kasumulu, basi tena."

"Nilijua," mwenzake alidakia. "Mwanaume asiyecheka mazoezini ana lake jambo."

Mwenyekiti wa kwaya, Mwalimu Hezroni, alimwita mbele yetu sote.

"Fundi, kuna kitu kimetoka ndani ya mali ya kanisa. Kiko wapi?"

"Kilikuwa hakifai."

"Basi tukione hicho kisichofaa."

"Hakionekani tena, Mwalimu."

Watu wakaguna. Mimi niliguna kuliko wote, maana nilikuwa shahidi.

Waliamua amalize kazi akiwa analindwa. Mfuko wake ulipekuliwa akiingia, ukapekuliwa akitoka. Hata msasa Mama Kisa aliugeuza pande zote mbili. Fundi alisema tu "ndaga", asante ya Kinyakyusa, kama mtu aliyekaribishwa chai. Alichonga kijiti kipya cha msonobari, akakisimamisha ndani, katikati ya ubao wa kifua na wa mgongo, kipeleke sauti kutoka huku hadi kule. Kisha aliniomba karatasi ya daftari. Akaipitisha chini ya daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi. Mguu mmoja uliibana karatasi. Mwingine uliiacha ipite.

"Unaona? Huu umesimama, huu unajifanya tu."

Akapiga msasa, akapima tena, akapiga tena, mpaka karatasi ikakwama kotekote. Alipokaza nyuzi na kuzipiga mmoja mmoja, hakuna uliomzidi mwenzake.

"Linalia vizuri," Hezroni alikiri. "Lakini kile kijiti?"

Fundi akafunga mfuko wake.

Jumapili iliyofuata besi alipewa Edwin, kijana aliyekuwa akilipiga kama anatwanga mpunga. Fundi alihamia benchi la nyuma. Miaka sita nimemwona pale, vidole vinne vya mkono wa kushoto vikibonyeza goti lake wimbo mzima. Na mimi, nasema kweli, nilikuwa bado nikimtazama mifuko.

Bibi tulimzika mwezi wa sita mwaka huu. Sasa niko kidato cha tatu. Wiki iliyopita Fundi alikuja kurekebisha mlango wa nyumba ya bibi, tukabaki wawili uani. Nikamuuliza tena swali langu lilelile. Aliweka randa chini, akaangalia kama mama yuko karibu.

"Kilikwenda jikoni kwangu, nikakichoma. Kilikuwa mpini wa mwiko, mjukuu wangu. Umekatwa mfupi, halafu ukakazwa kwa karatasi iliyochanwa kwenye kitabu cha nyimbo, na ubavuni babu yako amechora jina lake kwa kisu. Bibi yako alikuwa anakaa benchi la mbele. Ningewaonyeshaje?"