Nilidai Kuiona Nyongo Yangu Kabla Haijatupwa

Wakuu, nawasalimu. Baba yangu ni Kariuki, mama yangu Nyambura, nami nilizaliwa Kangari, kwenye mashamba ya majani chai. Sikuketi darasani hata siku moja. Anayeandika ni mjukuu wangu Wangechi, hapa Skuta, nami nimemkataza kuongeza chumvi.

Miaka mingi iliyopita nilishikwa na maumivu ya ubavu wa kulia. Daktari akasema ni mawe kwenye kifuko cha nyongo. Nikapasuliwa, kifuko kikatolewa.

Nilipozinduka, nilidai kukiona.

"Mzee, hiyo ni ya kutupwa," akasema daktari.

"Kijana, mbuzi wa mahari wa ukoo huu nachinja mimi. Nyongo naijua. Lete."

(Kwetu mchinjaji huitoa nyongo polepole, isipasuke ikaharibu nyama. Mkono huzoea.)

Ikaletwa ndani ya chupa. Mawe yalikuwamo, lakini upande mmoja ulikuwa mnene na mgumu.

"Mbuzi mwenye nyongo hii singemla. Peleka maabara."

Mke wangu akaguna. "Baba Kariuki, ati sasa unafundisha madaktari?"

Majibu yakaja: saratani adimu, ya chembe zinazotengeneza homoni. Wao huiita neuroendocrine. Daktari hakunificha. Ikiwa kwenye nyongo, alisema, mara nyingi hugunduliwa ikiwa imeshafika kwenye ini, na hapo dawa huichelewesha tu. Yangu ilikuwa ya aina inayokua polepole, lakini ilibidi nipasuliwe tena, nikatwe kipande cha ini kilichogusana na kifuko, na tezi za jirani.

Mwanangu mkubwa, huyo Kariuki mwenye jina la babu yake, akaita ukoo tugawane shamba kabla sijaingia chumba cha upasuaji. Nikawaambia wanywe chai, warudi makwao.

Nikapasuliwa. Ini safi. Tezi safi. Sikuhitaji dawa kali, ila kupimwa mara kwa mara, na sikukosa hata mara moja.

Daktari yule amestaafu. Mimi bado nachinja.

Wakuu, kiungo kikitolewa mwilini mwako, uliza kimepelekwa maabara gani, na majibu ni lini. Usione haya. Aliyepitia haya, au anayeuguza mwenye ugonjwa huu, aseme hapa chini. Wangechi atanisomea yote, hata ya wanaobisha.

Nawe Wangechi, ile ripoti ya maabara iweke juu ya hati ya shamba, si chini yake. Shamba mtagawana. Karatasi hiyo ni ya kila mmoja wenu, siku daktari atakapowauliza babu yenu aliugua nini.