Fundi wa Keko achagua laptop

Jumamosi, nikiwa kwenye duka moja la laptop zilizotumika huku Temeke, aliingia fundi seremala wa Keko, mtaa wa watengeneza samani, vumbi la mbao bado kwenye nyusi, pamoja na binti yake anayeanza chuo. Muuzaji akaisifia moja inayong'aa: "Mzee, hii ina spidi balaa."

Fundi aliichukua. Aliifunga na kuifungua, akaigeuza, akapapasa skrubu kwa kidole.

"Hii imeshafunguliwa. Skrubu zimelika vichwa, bawaba imelegea."

Akachagua nyingine, nzito, iliyopauka.

"Baba jamani, mbaya hiyo!"

"Mwanangu, makabati yanayong'aa nayatengeneza mie. Najua vanishi inaficha nini."

Nilirudi nyumbani, nikasimama mbele ya kabati letu jipya la Keko. Linang'aa kweli kweli.