Bomba la Plastiki Lililonigharimu Vidole Viwili

Nilitoka Kinole na kaptula mbili. Sikubebwa na mtu. Nilikwenda Zambia, nikafanya kazi mgodini mchana na kusoma jioni, nikarudi Morogoro na stashahada ya umeme. Biashara ilikuwa imefunguliwa, maduka yameanza kujaa. Nikajenga chini ya mlima, nyumba ya kwanza mtaani kwetu kuwa na maji ya moto bafuni. Hita niliifunga mwenyewe. Waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, niliubana kwenye bomba la chuma la maji, kwa kuwa lilikuwa limefukiwa tangu barabarani. Kazi safi.

Kisha yakaingia mabomba ya plastiki, yasiyoshika kutu. Nikang'oa chuma chote kilichofukiwa, nikaweka plastiki hadi ukutani. Ya ndani nikayaacha. Majirani walikuja kutazama. Mimi, mwenye stashahada, sikukumbuka kwamba ethi yangu imeondoka na lile bomba.

Baada ya wiki chache mke wangu, Konsolata, alitoka bafuni akijisugua vidole.

"Baba Toni, koki inang'ata."

Niliingia na kandambili za mpira miguuni, nikaishika. Kimya.

"Mbona mimi haining'ati? Labda inawachagua watu wa Matombo."

"Cheka tu. Hata kaka imemng'ata jana."

"Kaka yako ana stashahada ya nini?"

Jumamosi asubuhi niliingia kuoga peku, sakafu imelowa. Niliposhika koki, mkono ulijifunga wenyewe. Sikuweza kuachia. Taya zilikaza, nikajing'ata ulimi, kifua kikagoma kuvuta hewa. Akili ilikuwa timamu kabisa, na hilo ndilo lililonitisha. Nilisikia harufu ya nyama inayoungua nikajua ni mimi. Konsolata alisikia ndoo ikianguka, akafungua mlango, akaniona. Akageuka na kukimbia. Nilidhani ananikimbia. Kumbe alikwenda kuzima meni swichi.

Hospitalini kiganja cha kulia kilikuwa na shimo jeupe, na unyayo umepasuka. Maumivu yalikuwa machache, nikamwambia muuguzi jioni nitakuwa nyumbani. Jioni nikakojoa mkojo mweusi kama chai ya rangi. Siku ya tatu mkono ulikuwa umevimba kama paja, na vidole viwili vya mwisho vimekuwa vyeusi.

"Umeme umechoma ndani kuliko nje," daktari alisema. "Hivi viwili vimekufa. Tukisubiri, uozo utapanda, na hapo tutakata hapa." Akagusa juu ya kifundo cha mkono.

"Hukati kitu, daktari. Mkono huu ndio kazi yangu."

Konsolata akainama karibu na uso wangu. "Uliambiwa koki inang'ata, ukabisha. Na hili utabisha?"

Nilitia sahihi kwa mkono wa kushoto.

Vidole viwili vikatolewa. Ikabaki kujua kama vingine vitapona, au mkono wote utafuata. Kila asubuhi daktari alinidunga kidole gumba kwa sindano. Sikusikia kitu. Kesho yake, hakuna. Siku ya nne aliondoka bila kunitazama machoni. Siku ya tano nilipiga yowe, wodi nzima ikageuka.

"Hilo yowe ndilo nililokuwa nalisubiri," akasema daktari.

Nyumbani nilijizoeza kwa kuokota maharage kwenye ungo, moja moja, huku nikitoka jasho. Ilichukua miezi kushika bisibisi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuchimba shimo penye udongo mbichi nyuma ya nyumba na kuzamisha fimbo ya shaba, ndefu kunizidi. Niliunganisha nayo hita mpya, badala ya ile iliyokuwa ikivujisha umeme hadi kwenye koki, pamoja na koki, mabomba, kila chuma cha bafuni, kisha nikapima. Leo hakuna fundi Morogoro anayefunga bafu kama mimi, hata mwenye vidole kumi.

Wewe unayeuguza mkono au mguu, usikate tamaa. Nyama huchelewa kuamka. Na chuma chochote kikikutekenya nyumbani, zima umeme wote, uite fundi. Ukibadilisha bomba, uliza kwanza ethi imeshikwa wapi.

Namshukuru Mungu, namshukuru na daktari. Konsolata namshukuru kwa sababu hakunigusa. Angenikumbatia kwa huruma, ndugu zetu wangetukuta wawili sakafuni. Zima kwanza, ndipo umshike mtu wako.