Haikupimwa kwa Sababu Inaunguza

Mtaani walimwita Bibi Harusi, kwa ajili ya glavu nyeupe za pamba alizovaa mchana kutwa. Naye aliitika. Angefanyaje? Jina ukishapewa na watoto wa jirani, umeshalipata.

Glavu zile hazikuwa za urembo. Miaka kumi na mmoja alifanya kazi kiwanda cha rangi, akimimina dawa ya kugandishia rangi kutoka kwenye mapipa na kuitia kwenye makopo. Wenyewe waliiita Kali. Mwaka wa kwanza tone moja lilimwangukia kwenye kifundo cha mkono, likaacha kovu la ukubwa wa dengu. Hilo hakulilalamikia. Pipa lilikuwa na picha ya mkono unaoungua, na mwenye macho haambiwi tazama. Kilichomuudhi kilikuja baadaye: mikono ilianza kuvimba na kuwasha, hata akishika tu kitasa cha mlango kilichoshikwa na wenzake. Daktari akasema ni mzio, mwili umeikataa Kali na hautaikubali tena. Akaandika barua kwamba mgonjwa ahamishiwe kwenye kubandika lebo.

Msimamizi wa usalama alifungua karatasi ya maelezo ya hatari za ile dawa, akaisoma kwa kidole.

"Mama, hapa kuunguza ipo. Kwenye mzio wameandika haikupimwa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu inaunguza. Ukiipaka kwenye ngozi kuipima, utamchoma huyo unayempima."

"Kwa hiyo haijulikani."

"Haijaandikwa. Na mimi nahamisha mtu kwa maandishi. Labda ni sabuni yako ya nyumbani."

"Mwanangu, kwani mtu akiua, hammuulizi kama aliiba pia?"

Akacheka, akamrudishia barua yake. Yaani dawa ingekuwa na upole kidogo, wangeipima, na mama wa watu angehamishwa. Ukali wake ndio ulioitetea. Hebu niambie kama hiyo ni akili.

Alivumilia miezi miwili. Uso nao ulipovimba, akaacha kazi. Nafasi yake alipewa binti yake, na aliyemwombea ni yeye mwenyewe. Usimseme. Mkono mtupu haulambwi, na nyumba ile haikuwa na mwingine wa kuilisha.

Kila jioni binti alioga uani kabla ya kumsogelea mama yake, maana hata ovaroli yake tu ilimvimbisha macho. Akishaoga, mama humwambia, "Nione mikono." Huitazama mbele na nyuma, kidole kwa kidole. Wamefanya hivyo miezi saba.

Jana binti aliingia, akasema shikamoo, mikono ikiwa nyuma.

"Marahaba," mama akajibu. Hakuomba kuiona. Akavua glavu zake, moja baada ya nyingine, akaziweka mezani upande wa binti.