Kwenda Chunya Kutafuta Pete ya Mama Eliza

Asifiwe Mungu Baba, aliyenipa uzee wenye miguu ambayo bado inatembea, akanipeleka mbali na kunirudisha mlangoni kwangu nikiwa mzima. Yeye aliiweka dhahabu chini ya ardhi kabla ya kumweka mtu juu yake, naye anajua kila chembe imepita mikononi mwa nani. Kwa jina lake naanza kuwasimulia.

Sababu ya safari yangu ni jambo la miaka hamsini iliyopita. Siku nilipomwoa Mama Eliza, usharika wetu ulikuwa na jozi moja ya pete, zinakaa ndani ya kisanduku cha mbao katika ofisi ya mchungaji. Sisi tuliokuwa hatuna uwezo tulifungishwa ndoa kwa pete hizo. Jumamosi mnavaa, Jumapili mnaingia nazo ibadani watu wawaone, Jumatatu asubuhi mnazirudisha ili wenzenu wa Jumamosi ijayo wazikute. Hakuna aliyeona aibu, maana karibu wote tulikuwa hivyo. Mama Eliza aliirudisha yake mwenyewe, akiwa ameifuta vizuri kwa pindo la kitenge, na tangu siku ile kidole chake kilikaa kitupu. Kwa mkono huo amelea watoto sita na kusuka vikapu vya milulu, nyasi ndefu za mabondeni, ambavyo hata yeye hajui idadi yake. Hakuwahi kunidai pete.

Watoto walipoanza kupanga ibada ya shukrani ya miaka yetu hamsini, nilimwambia nataka kumtengenezea pete ya dhahabu, iliyofanywa kwa ajili yake tu. Aliendelea kusuka, nami nikajua anamkumbuka Yohana.

Yohana alikuwa mdogo wake. Alikwenda Chunya akiwa kijana kuchimba dhahabu. Alikuwa akiikamata kwa zebaki, ambayo ni sumu, kisha anaichoma kwenye kikaango ndani ya chumba alichokuwa analala, na moshi wake anauvuta. Aliporudi nyumbani mikono ilikuwa inamtetemeka. Mwishowe hakuweza kufikisha kikombe cha chai mdomoni. Mama Eliza ndiye aliyemnywesha, hadi siku tulipomzika.

"Baba Eliza," aliniambia jioni hiyo, "dhahabu iliyokula mtu mimi siivai. Ukienda, usiwaulize sana. Maneno mtu anajiandalia. Wewe omba chai, halafu utazame mikono yao wakishika kikombe."

Kisha akachukua uzi wa mlulu kwenye beseni lenye maji, akauzungusha kidoleni mwake na kuusuka kama anavyosuka ukingo wa vikapu vyake, nyuzi tatu zinazopishana. Akauvua, akanipa. Kipimo ni hicho, akasema, na nakshi iwe hiyo. Nikauweka katikati ya kitabu changu cha nyimbo.

Jumatatu alfajiri nilisimama hapa kwetu Ipogolo, kando ya barabara kuu, nikiwa na koti langu la mahubiri na mfuko mmoja. Basi lilifika mapema kuliko nilivyotegemea. Kufika Mafinga jua lilikuwa limeshapanda juu ya misitu ya misindano. Makambako upepo ulikuwa mkali hata wauza mahindi walikuwa wamejifunga blanketi. Tuliteremka hadi Igawa, tukaingia kwenye joto la Usangu na mashamba yake ya mpunga, tukapandisha tena hadi Uyole, ambako magunia ya viazi hupangwa barabarani kama ukuta. Njia hii niliipita mara nyingi nilipokuwa mwinjilisti kazini, nikienda kwenye semina na mikutano. Safari hii ilikuwa ya kwanza kuipita kwa ajili ya mke wangu, na jambo hilo lilinisuta kidogo.

Alasiri, Mbeya. Nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Mbaraka, sonara, ambaye duka lake lipo kwenye kichochoro karibu na soko. Babu yake alitoka pwani na biashara ya vitambaa, akabaki. Tulifahamiana zamani, alipotutengenezea kikombe cha ushirika kilichopasuka shingo, akakataa malipo kwa kuwa kilikuwa chombo cha ibada. Aliponiona mlangoni aliweka koleo lake chini, akanisalimu kwa lugha ya kwetu.

"Kamwene, Mwinjilisti. Umeniletea ulanzi, ile pombe ya mianzi ya kwenu?"

"Wewe Mwislamu, mimi mwinjilisti," nikamwambia. "Ningeuleta, angeunywa nani?"

Tulicheka, akaniagizia maji. Nikamweleza habari yote, hata ya Yohana. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipotoa kile kipete cha mlulu alikijaribu kwenye fimbo yake ya kupimia, akanitazama juu ya miwani.

"Mwinjilisti, mkeo ana miaka mingapi? Hiki ni kidole cha mtoto wa chekechea."

Nilishtuka. Ikabidi nimpigie simu Mama Eliza, nikaweka sauti kubwa ili sonara asikie. Alicheka hadi akakohoa. Akasema mlulu ule ulisukwa ukiwa umelowa, umekauka ndani ya kitabu, ndiyo maana umejikunyata. "Loweka," akasema, akakata. Mbaraka akauweka kwenye glasi ya maji, akaenda kuswali alasiri, na aliporudi ulikuwa umetanuka na kutosha kidole cha mtu mzima.

Ndipo akavuta droo yake na kunionyesha dhahabu aliyokuwa nayo. Ilikuwa nzuri sana. Lakini hakunisukumia.

"Hii nimenunua kwa watu, na wao wamenunua kwa watu," akasema. "Karatasi zake ni halali. Ila ukiniuliza mikono iliyoichimba, siwezi kukuapia. Kesho nafunga duka, twende wote. Mimi nina leseni ya kununua, wewe una macho."

Jumanne asubuhi tulishika njia ya Chunya kwa gari lake la zamani. Barabara inapanda mlima hadi kwenye ukungu na baridi ya kuuma masikio. Mbaraka alijizungushia shali mara tatu, akanieleza kwamba watu wa pwani hawakuumbwa kwa ajili ya mahali kama hapa, ingawa yeye na baba yake wote wamezaliwa Mbeya. Kisha tukaanza kushuka upande wa pili. Baridi ikabaki nyuma. Miti ikawa mifupi, ardhi nyekundu, mabani ya kukaushia tumbaku yakaonekana hapa na pale, na vumbi likaingia hata kwenye meno.

Saa nne tulifika Chunya. Mtu wa kwanza kumwona alikuwa mchimbaji ambaye Mbaraka alimfahamu, Bwana Festo, mtu wa makamo, mchangamfu, aliyetuita wazee wangu na kutufutia viti kwa mkono wake. Dhahabu alikuwa nayo ya kutosha pete tatu. Leseni yake ilikuwa sawa, risiti zake sawa, na alikuwa tayari twende soko la madini wakati huohuo. Nikaomba kwanza chai.

Mama wa mgahawa alileta vikombe vitatu. Festo alipoinua chake, kilianza kugongagonga kisahani, taratibu, kama mvua inapoanza kwenye bati. Alikirudisha mezani haraka na kuweka mkono chini ya meza.

Sikutaka kuhukumu. Mikono ya watu hutetemeka kwa sababu nyingi, na yangu mwenyewe haiko kama zamani. Nikamuuliza kwa upole kama ni homa. Akasema ni malaria tu ya siku nyingi. Basi nikamsimulia habari za Yohana: kikaango, chumba, na mwisho wake. Nilipofika kwenye kikombe, aliacha kutabasamu.

"Mimi nachomea jikoni," akasema polepole. "Jiko lilelile mke wangu analopikia."

Nilimshika ule mkono, nikamwomba aende hospitali na mkewe, wote wawili, wasiseme ni malaria. Nilimwambia pia kwamba dhahabu yake sitaichukua, na kwamba sikatai kwa kumdharau. Nilidhani atakasirika. Akanyoosha kidole upande wa pili wa mji.

"Basi nendeni kwa akina Mama Subilaga. Sisi huwa tunawacheka. Kazi tunayoifanya kwa saa moja, wao wanaimaliza jioni, kwa sababu zebaki hawataki hata kuiona."

Ndani ya gari Mbaraka alisema, "Karatasi zake zote zilikuwa sawa, Mwinjilisti."

Nikamjibu kwamba najua.

Adhuhuri tuliwakuta wanawake tisa kwenye uwanja wenye mawe. Mama Subilaga, mwenyekiti wao, ni Mnyakyusa mwenye sauti ya kuimba kwaya. Alituonyesha kila hatua. Mawe yanasagwa kwenye karasha, unga unaoshwa kwa maji juu ya mikeka, kisha unapitishwa kwenye meza inayotikisika hadi mchanga uondoke na dhahabu ibaki. Mwisho wanaiyeyusha kwa unga mweupe wa boraksi. Mbaraka alipoona unga huo aliuchota kidoleni kama mtu aliyekutana na ndugu.

"Huu ndio ninaotumia dukani," akasema. "Kumbe ninyi ni masonara wenzangu."

"Hapana, baba," Mama Subilaga akamjibu. "Masonara mnakaa kivulini."

Wenzake walicheka hadi kazi ikasimama. Nikauliza watoto wako wapi. Wako shule, akasema, na mama atakayemleta mtoto kwenye mawe anarudishwa nyumbani naye. Lakini nilikuwa nimeagizwa nisitegemee maneno. Nikaomba chai.

Aliileta mwenyewe. Alimimina kikombe hadi ukingoni, kama wanavyofanya watu wasiotaka mgeni aone wana uhaba, akavuka nacho uwanja ule wa mawe akiwa na kandambili, huku akimgombeza mtu kuhusu bomba la maji. Nilitazama mkono wake hatua kwa hatua. Halikudondoka tone. Nilipokipokea nikainamisha kichwa.

"Mzee," akaniuliza, "unaombea chai au unalia?"

"Vyote viwili," nikamwambia. Nikamweleza kwa nini. Akaenda kuwaita wenzake waliobaki, wakaja mmoja mmoja, kila mmoja akikishika kikombe changu na kunirudishia. Sikuwaomba wafanye hivyo.

Dhahabu yao ya wiki ile ilikuwa kidogo sana. Mbaraka aliiweka kwenye mizani yake, akanivuta pembeni.

"Hii inatoa pete nyembamba tu. Nikiongeza kidogo ya dukani kwangu, itakuwa pete nene ya kuonekana hadi kiti cha nyuma kanisani. Nakuambia mapema ili usije ukanilaumu."

Ninakiri kwamba nilisita. Nilikuwa nimengoja miaka hamsini, na mbele ya watoto wangu na usharika wote nilitaka pete ya kuonekana. Nikaitazama ile chai, ambayo bado nilikuwa nayo mkononi.

"Iwe nyembamba," nikasema.

Tukaenda pamoja na Mama Subilaga soko la madini, dhahabu ikapimwa na kuandikiwa risiti kama sheria inavyotaka, tukarudi Mbeya kabla jua halijazama.

Jumatano hadi Ijumaa niliketi dukani kwa Mbaraka nikimtazama akifanya kazi. Alinieleza kwamba dhahabu peke yake ni laini, lazima iongezewe madini ya fedha kidogo. Akafungua kitambaa na kutoa kipande cha mkufu wa fedha wa marehemu mama yake, akakata pembe yake.

"Hii naijua ilikotoka," akasema, na hakutaka tulizungumze zaidi.

Aliivuta dhahabu ikawa nyuzi tatu nyembamba, akazisuka akiufuata ule mlulu uliokuwa ndani ya glasi. Mara mbili alifumua na kuanza upya, akisema huyo mama ana vidole vya hila. Ijumaa alifunga duka kwenda msikitini, nami nikamlindia kizingiti nikisoma Zaburi. Jioni pete ilikuwa tayari. Ilikuwa nyepesi kama kitu kilichosahaulika kiganjani, nami sijaona kitu kilichosukwa vizuri zaidi, isipokuwa vikapu vya nyumbani kwangu.

Jumamosi mchana, Ipogolo. Mama Eliza alikuwa akiningoja mlangoni. Hakuniomba kuiona pete.

"Uliitazama mikono yao?"

"Walinimiminia chai hadi ukingoni," nikasema.

Akanipokea mfuko, akaingia ndani kunipakulia chakula. Niliona amejifuta macho.

Jumapili iliyofuata, katika ile ibada ya shukrani, nilimvika pete mbele ya madhabahu. Kweli, kutoka viti vya nyuma haikuonekana, na mjukuu mmoja aliuliza kwa sauti kama babu amemvisha bibi hewa. Kanisa lilicheka, na bibi yake akacheka kuliko wote.

Jumatatu asubuhi nilikuwa mezani nasoma neno la siku. Mama Eliza alikuja kutoka chumbani, ameivua pete, anaifuta kwa pindo la kitenge. Akaiweka mbele yangu.

"Baba Eliza, leo ni Jumatatu."

Nikaichukua, nikaiweka kiganjani mwake.

"Hii hairudi," nikamwambia.

Akaitazama kidogo. Akaivaa mwenyewe, akavuta beseni lake la milulu, akaendelea na kikapu alichokiacha.

Nilichojifunza ni kidogo, na nimejifunza nikiwa mzee: kitu kizuri kina watu nyuma yake, na anayekipokea anatakiwa kwenda kuwaona. Mama Subilaga ananipigia simu wakati mwingine. Anasema Festo amepelekwa na mkewe hospitali, na kwamba amekuja mara mbili kutazama ile meza inayotikisika, anasimama mbali, haulizi kitu. Namwombea kila siku.

Nawe unayesoma, Bwana aitulize mikono yako, akijaze kikombe chako bila kumwagika, na akufikishe salama kwa yule anayekungoja mlangoni. Amina.