Kombe Lililoandikwa Kabla ya Mpira

Sina budi kuungama aibu niliyojitakia, ingawa hasira yangu hadi leo naiona ilikuwa ya haki. Mimi ni mtu wa milimani, nimetoka chuo cha ualimu majuzi, nikapewa usimamizi wa timu ya mpira ya shule yetu hapa Tanga. Asubuhi ya fainali nilimsikia nahodha Mbwana akimnong'oneza golikipa: "Kombe letu limeshaandikwa. Maalim kaliandika kwa mkono wake."

Jina la mshindi lichorwe kabla ya mchezo! Hayo ndiyo malezi tunayowapa vijana? Alasiri nilisimama mbele ya wazazi na wageni, nikatangaza kwamba timu yangu haitagusa mpira, kwa kuwa kombe limekwisha andikwa jina letu kwa hila.

Mwalimu Mkuu alilichukua kombe mezani, akaligeuza pande zote. Halikuwa na herufi hata moja.

"Ala, Mwalimu!" akasema Mbwana, akijizuia kucheka. "Hilo ni la fedha. Letu ni la kunywa. Maalim wa madrasa kaandika aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani, akaziosha kwa maji, nasi tukanywa. Nawe tumekubakizia funda moja chupani."